Kasuku asiye na alama hana mtetezi

Nchini Uingereza mfugaji anaweza kumkatia kasuku wake bima ya wizi, ya kupotea na ya matibabu. Masharti ya mikataba hiyo yana funzo kwetu, kwa sababu ndege anayezungumziwa zaidi, kasuku wa kijivu, asili yake ni misitu ya huku Afrika.

Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwaadhibu wanaoteka wanyama wa nyumbani. Kuanzia Agosti mwaka huo, anayeiba mbwa au paka wa mwenzake katika England au Ireland ya Kaskazini anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Wabunge walikubali kwamba mnyama wa nyumbani ana hisia zake, na kumwiba si sawa na kuiba televisheni. Waziri alipewa mamlaka ya kuongeza wanyama wengine baadaye, lakini sheria ilipoanza kazi ilitaja hao wawili tu. Kasuku hakuwamo. Hata kama ameishi na familia miaka 30, anawaita watoto kwa majina na kumtambua mgeni kabla hajabisha hodi, akiibwa huko England shauri lake huangukia Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, pamoja na baiskeli na vito vya dhahabu.

Mfugaji anayetaka kinga zaidi ya hiyo hana budi kuinunua, na kinga hiyo ni bima.

Bima ya wanyama si jambo la jana. Sweden ilianza na farasi na ng'ombe mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1924 ikakatwa huko bima ya kwanza ya mbwa. Uingereza ilifuata mwaka 1947. Marekani ilingoja hadi mwaka 1982, na mteja wa kwanza alikuwa mbwa aliyeigiza kama Lassie kwenye televisheni. Ndege walipokelewa baadaye sana, tena na kampuni chache. Kampuni za bima zina sababu za kuwaogopa. Kasuku mkubwa huishi miaka 40, 50, hata 60. Huficha ugonjwa wake hadi hatua ya mwisho. Hufanana na mwenzake kiasi kwamba mgeni hawezi kuwatofautisha. Na tofauti na ng'ombe, anaweza kuondoka mwenyewe kwa mabawa yake bila mwizi yeyote kukanyaga uani.

Kwa hofu hizo, kampuni zimeandika masharti marefu. Mfugaji anayeyasoma haraka huyaona kuwa mitego ya kumnyima fidia. Mimi nayaona kuwa orodha ya wajibu ambao mwenye ndege alipaswa kuutimiza hata kama bima isingekuwapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali inayostahili msemo huo kuliko kiumbe mwenye mbawa.

Wizi

Kasuku wa kijivu aliyezalishwa kizimbani huuzwa Uingereza kwa pauni 1,000 au zaidi, na kasuku wakubwa wa Amerika ya Kusini hupita bei hiyo. Uzito wake hauzidi sana nusu kilo. Mwizi humfunika kwa taulo, akamtia kwenye begi, na kufikia jioni ndege ameshauzwa mji mwingine. Mnunuzi hana namna ya kujua, kwani hata dume na jike hawatofautiani kwa kutazamwa. Jinsia yao huthibitishwa kwa kipimo cha vinasaba kutoka kwenye unyoya au tone la damu.

Kampuni ya bima inapopokea dai la wizi huuliza maswali manne. Je, nyumba au kizimba kilikuwa kimefungwa, na kuna dalili za kuvunjwa? Je, polisi walipewa taarifa mara moja, na namba ya taarifa iko wapi? Stakabadhi ya ununuzi ipo? Na ndege alikuwa na alama gani? Anayefuga nje, kwenye kizimba cha bustanini, kwa kawaida hudaiwa ulinzi mkali kuliko anayefuga sebuleni.

Swali la nne ndilo linalowakwamisha wengi. Alama za kuaminika ni mbili. Ya kwanza ni pete nzima isiyo na mwanya, inayovishwa kifaranga angali na siku chache, mguu ukiwa mwembamba. Akikua, pete haiwezi tena kupita kwenye vidole, na kuitoa ni lazima kuikata. Hiyo pete ni cheti cha kuzaliwa: inaonyesha kwamba ndege huyu alikuwa mikononi mwa mfugaji tangu utoto wake. Udhaifu wake ni kwamba mwizi mwenye koleo anaweza kuikata.

Alama ya pili ni chipu ndogo kama punje ya mchele, ambayo daktari huipenyeza kwa sindano kwenye msuli wa kifua, kwa kawaida upande wa kushoto. Ndani yake mna namba ya tarakimu 15. Watu wengi hudhani chipu humwonyesha mwenyewe ndege yuko wapi. Sivyo. Haina betri wala haitoi mawimbi. Husomwa na kifaa kilichosogezwa karibu kabisa na mwili. Faida yake hutokea siku ndege anapopatikana, polisi au daktari akamsoma, namba ikaelekeza kwenye jina na simu ya mwenyewe. Aliyehama nyumba au kubadili namba ya simu bila kurekebisha kumbukumbu hizo amebaki na ndege mwenye namba isiyoelekea kwa mtu.

Na hata dai likikubaliwa, kinacholipwa ni bei. Kwa kawaida kampuni hulipa thamani ya ndege sokoni au kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, kile kilicho kidogo. Miaka ya kumfundisha maneno na mazoea ya kulala begani mwa bibi wa nyumba haviingii kwenye hesabu hiyo. Fidia inaweza kununua kasuku mwingine. Aliyechukuliwa hurudishwa na alama yake, kama anayo.

Kupotea

Mlango wa jikoni umeachwa wazi, sahani imeanguka, kasuku ameshtuka na kuruka. Huo ni msiba wa kawaida katika nyumba za wafugaji. Ndege aliyelelewa ndani anajua kupaa, lakini hajawahi kujifunza kushuka kutoka kilele cha mti mrefu. Hukaa huko juu akiita, njaa ikimzidi, anamwona mwenyewe chini na hawezi kumfikia. Wengine hutegemea kumpunguza mabawa. Tahadhari hiyo hudanganya: manyoya huota upya kila anapobadilisha, na upepo ukivuma, hata aliyepunguzwa hubebwa mbali.

Katika bima, kuibwa na kutoroka ni mambo mawili tofauti kabisa. Kampuni nyingine hulipa wizi na kukataa kutoroka. Nyingine hukubali kutoroka kwa ada ya ziada. Nyingine hulipia matangazo na zawadi ya atakayempata, kisha hungoja muda uliotajwa kabla ya kulipa thamani ya ndege mwenyewe. Anayetia saini bila kuuliza jambo hili amenunua kinga ya balaa la nadra na kuacha wazi lile la kila siku.

Saa za mwanzo zina thamani kuliko mkataba wowote. Usimwache ndege apotee machoni pako. Kiweke kizimba chake nje mahali anapokiona, pamoja na chakula anachokipenda, na kama ana mwenzake, mtoe mwenzake akiwa salama ndani ya kizimba ili aite. Jua linapokaribia kuzama na tena alfajiri, kasuku hutafuta kundi lake. Hizo ndizo nyakati za kumwita kwa sauti anayoijua. Akilala mtini, kariri mti wenyewe na uwe chini yake kabla ya mapambazuko. Wape taarifa polisi, majirani na madaktari wa mifugo wa eneo zima. Unapotangaza, toa picha na rangi, lakini usitaje namba yote ya pete. Sehemu uliyoificha ndiyo itakayokusaidia kumtambua tapeli anayedai amempata.

Na ajuaye London ataelewa kwa nini picha na alama ni lazima. Bustani za mji huo zina maelfu ya kasuku wa kijani wenye ukosi wa waridi, kizazi cha ndege waliowahi kutoroka au kuachiwa. Kasuku wa kijani akitoroka pale, jirani anayemwona mtini hamwiti mtu, kwa sababu huwaona wengine kama yeye kila asubuhi.

Daktari

Kama kuna sehemu moja ya bima ya ndege inayostahili gharama yake, ni hii. Porini ndege anayeonyesha udhaifu huliwa kwanza. Kwa hiyo silika yake humwamuru kusimama wima na kujifanya mzima hadi nguvu zimwishie. Mwenyewe anapomkuta amejikunyata chini ya kizimba, manyoya yamevimba na macho yamelegea, ugonjwa huenda una wiki kadhaa. Kuanzia hapo ni safari ya ghafla na ya gharama: eksirei, vipimo vya damu, hewa ya oksijeni, dawa ya usingizi ya kuvutwa ili aweze kuchunguzwa bila kuhangaika. Tena si kila daktari wa mifugo amefunzwa kutibu ndege. Wenye ujuzi huo ni wachache hata Ulaya, na ada zao zinalingana na uchache wao.

Magonjwa yenyewe mengi yanatokana na jinsi ndege anavyotunzwa. Kasuku wa kijivu ana udhaifu unaojulikana na madaktari: kalsiamu katika damu yake hushuka upesi, hasa akilishwa alizeti na karanga tu na kufungiwa ndani pasipo mwanga wa jua. Huanguka kutoka kijitini na kutetemeka kama mwenye kifafa. Mlo huo huo wa mbegu tupu humkosesha vitamini A, utando wa pua na koo ukadhoofika, na kuvu likapata njia ya kuingia kwenye mapafu na mifuko yake ya hewa. Kutibu kuvu hilo huchukua miezi.

Jikoni nako kuna mauti. Kikaango kisichogandisha chakula kikiunguzwa hutoa mvuke ambao binadamu huenda asiuhisi, lakini unaua ndege kwa muda mfupi. Parachichi ni sumu kwake. Waya wa kizimba wenye zinki na vipande vya risasi humuumiza polepole anapovitafuna.

Kuna pia magonjwa ya kuambukiza. Virusi vya mdomo na manyoya havina tiba. Homa ya kasuku, inayosababishwa na bakteria, humpata hata binadamu anayevuta vumbi la kinyesi kilichokauka na huweza kumletea nimonia. Mwaka 1929 na 1930 homa hiyo ilisambaa katika nchi kadhaa ikifuata biashara ya kasuku. Leo inatibika kwa antibiotiki, mradi daktari aambiwe kwamba nyumbani kuna ndege.

Mkataba wa matibabu usomwe kwa makini katika mambo matano. Kwanza, ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima haulipiwi, na magonjwa yanayojitokeza katika siku za mwanzo, mara nyingi 14, pia hayalipiwi. Ndiyo maana ni busara kumpima ndege mara tu anaponunuliwa na kuhifadhi majibu. Pili, kila dai lina kiasi anachobeba mteja mwenyewe. Tatu, kuna tofauti kati ya mkataba wenye kikomo cha mwaka mzima na ule unaolipia kila ugonjwa kwa miezi 12 kisha unafunga mlango; kwa ugonjwa sugu, huu wa pili humwacha mteja njiani. Nne, kukata kucha, kupunguza mdomo na uchunguzi wa kawaida hubaki mzigo wa mwenyewe, na mara nyingi hata tatizo la ndege anayejinyonyoa manyoya kwa upweke halilipiwi. Tano, ugonjwa uliotokana na mlo mbovu au uzembe ni sababu halali ya kampuni kukataa.

Tahadhari bora ni ya bei ndogo: mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kasuku wa kijivu mzima huwa kati ya gramu 400 na 500 hivi. Anayempima kila wiki na kuandika ataona uzito ukishuka kabla jicho halijaona lolote, na daftari hilo litamsaidia daktari leo na kampuni ya bima kesho.

Hesabu ya mwenye ndege

Je, kila mfugaji akate bima? Siwezi kusema hivyo. Kwa chiriku au cherero, ambaye bei yake ni ndogo, ada za miaka michache zinaweza kuzidi thamani yake mara kadhaa. Mfugaji wa ndege wadogo hufanya vizuri zaidi akiweka akiba kila mwezi kwenye akaunti ya peke yake, na kuitumia kwa daktari tu. Kwa kasuku mkubwa hesabu hubadilika: ugonjwa mmoja mzito unaweza kumeza akiba yote kabla haijakomaa. Kwa huyo, bima ya matibabu ina maana kuliko ya wizi, kwa sababu kufuli, pete na chipu vinaweza kuzuia mengi ya wizi, lakini hakuna kufuli inayozuia kuvu.

Lipo pia jambo la umri. Mkataba wa bima huhuishwa kila mwaka, na kampuni inaweza kupandisha ada au kubadili masharti ndege anapozeeka. Mtu anayemchukua kifaranga wa kasuku akiwa na miaka 40 huenda akatangulia yeye kuondoka duniani. Anayempenda ndege wake aandike nani atamrithi, na mrithi huyo akubali akiwa hai na mwenye akili timamu, si kuambiwa matangani.

Na huku kwetu

Watu wa Afrika Mashariki si wageni wa bima ya wanyama. Januari 2010 wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, walianza kukatiwa bima inayotumia picha za satelaiti: malisho yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, fidia hutolewa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga ya mbuzi. Utaratibu huo unafaa panapokuwa na mifugo mingi na balaa moja linalowapata wote. Bima ya kasuku ni kinyume chake. Kila kitu kinamtegemea ndege mmoja, utambulisho wake na historia yake.

Hapo ndipo penye ugumu wetu. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya kutoka Ghana hadi Kongo na Uganda, na ukingo wa makazi yake ya mashariki ni Kakamega nchini Kenya na Minziro mkoani Kagera. Tangu mwaka 1975 zaidi ya kasuku milioni 1.3 waliotolewa porini wameripotiwa kusafirishwa nje ya nchi zao. Nchini Ghana zaidi ya asilimia 90 ya ndege hao wametoweka tangu mwaka 1992. Ulaya ilifunga milango kwa ndege wa porini kwa dharura mwaka 2005, kwa hofu ya mafua ya ndege, na ikaifunga moja kwa moja mwaka 2007. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, zilimpandisha kasuku wa kijivu hadi daraja la ulinzi wa juu kabisa, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imepigwa marufuku.

Nchini Uingereza, anayeuza kasuku wa kijivu leo lazima awe na cheti cha serikali, na cheti huambatana na pete au chipu. Kwa hiyo karatasi anazodai wakala wa bima huko Bristol zina kazi nyingine ambayo huenda haifikirii: zinamfungia soko mtegaji aliyepaka ulimbo matawini katika misitu ya Maniema nchini Kongo. Ndege asiye na cheti hawezi kuuzwa kihalali wala kudaiwa fidia kirahisi, na kila mfugaji anayekataa kumnunua anapunguza faida ya kumtega mwingine.

Majirani zetu wa Ghuba wamelielewa hilo kwa ndege wanaowaenzi zaidi. Katika Falme za Kiarabu, ambako Hospitali ya Kozi ya Abu Dhabi ilifunguliwa mwaka 1999, kozi wa kuwindia husafiri na pasipoti yake tangu mwaka 2002. Ndege huyo hutambuliwa kwanza, kisha husafiri, hutibiwa na kuthaminiwa.

Kwetu, kumfuga kasuku wa kijivu bila kibali ni kosa. Kenya ina Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 na Shirika la Wanyamapori linalotoa vibali. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2009. Bado wapo watu wema wanaofuga kasuku waliopewa na jamaa, waliowanunua barabarani kwa huruma, au waliorithi kutoka kwa wazee, na wanaogopa kujitokeza. Hofu hiyo humwumiza ndege kuliko mtu yeyote. Ndege asiye na kibali hapelekwi kwa daktari anapougua, hatangazwi anapopotea, na akiibwa mwenyewe hunyamaza. Mwenye ndege wa namna hiyo aende kwa mamlaka ya wanyamapori, aeleze alivyompata na aombe mwongozo, huku akijua kwamba jibu linaweza kuwa kumkabidhi.

Kwa aliye na kibali, utaratibu ni huu: kwanza alama, pili kipimo cha afya, tatu daftari la uzito na picha, kisha ndipo bima. Kampuni zetu zina uzoefu wa ng'ombe, mbuzi na kuku wa biashara, na sioni kwa nini siku moja zisimfikie mfugaji wa ndege wa nyumbani. Lakini siku hiyo ikifika, zisiige Ulaya katika ada tu. Fomu ya kwanza iulize ndege huyu alizaliwa wapi na nani anathibitisha. Asiye na jibu asiuziwe mkataba, kwa sababu mkataba huo utakuwa unamlinda mtegaji.